Bilinganya na Kiwavi Asiyefikiwa na Dawa

Mbilinganya ni mmea mkarimu. Miche sita iliyotunzwa vema nyuma ya jiko yaweza kuipatia familia kitoweo kwa miezi kadhaa, kwani mmea huu hauzai mara moja na kufa kama mahindi, bali huendelea kutoa maua na matunda kadiri unavyopata maji na samadi. Hata hivyo, mmea huuhuu ndio unaowavunja moyo wengi wanaoanza bustani ya nyumbani. Tunda huonekana zima, linang'aa, halina doa ila kitundu kidogo kama cha sindano. Likipasuliwa, ndani yake huonekana mfereji mweusi uliojaa kinyesi, na mwishoni mwa mfereji amejilaza kiwavi wa rangi ya waridi iliyofifia. Mwenye bustani hununua dawa na kunyunyiza. Juma linalofuata hupasua tunda jingine, na kumkuta kiwavi mwingine. Basi huongeza kipimo cha dawa, na hapo ndipo hatari inapoanza, kwa sababu anayeendelea kuipokea dawa hiyo si kiwavi bali ni mlaji.

Makala haya yanaeleza kwa nini mambo huwa hivyo. Sababu kubwa si uhafifu wa dawa. Sababu ni namna mdudu huyu anavyoishi, na mtu asiyeujua mwendo wa maisha yake atapigana naye mahali asipokuwapo.

Kutoka Asia hadi uani

Mbilinganya, ambao wanasayansi huuita Solanum melongena, ni wa jamii moja na mnyanya, mpilipili, mviazi mviringo na mtumbaku. Ulianza kulimwa Asia ya Kusini na Kusini-Mashariki. Jina lake la Kiswahili linafanana sana na neno la Kireno beringela, nalo hilo lilitokana na Kiarabu, ambacho nacho kililipata kwa Waajemi. Jina lenyewe, kwa hiyo, limesafiri bandari kwa bandari pamoja na mbegu. Lakini wazee wa ukoo wa mmea huu walitokea Afrika. Mtunguja, ambao mikoa mingi ya bara huuita ndulele, ni jamaa yake wa karibu, na nyanya chungu au ngogwe ni jamaa mwingine aliyefugwa hapahapa barani. Undugu huu si jambo la historia tu. Ndio unaoeleza kwa nini mmea uliotoka ng'ambo ya bahari ulipofika huku ulikuta wadudu waliokuwa tayari kuula.

Kuotesha

Mbegu za mbilinganya hupenda joto. Husiwa kitaluni, au katika kopo lililotobolewa chini, kwa kina cha sentimita 1 hivi, na katika hali ya joto huota baada ya siku 6 hadi 10. Miche huwa tayari kuhamishwa ikiwa na majani 4 hadi 6 ya kweli, yaani baada ya majuma 4 hadi 6. Siku chache kabla ya kuihamisha hupunguziwa maji ili ikomae, kisha hupandikizwa jioni, kwa nafasi ya sentimita 60 kati ya mche na mche, na 75 au zaidi kati ya mstari na mstari. Asiye na ardhi hutumia ndoo kuukuu ya lita 20 iliyotobolewa chini, mche mmoja kwa kila ndoo. Samadi iwe imeoza barabara. Samadi mbichi huunguza mizizi.

Jambo moja halina budi kusisitizwa. Mbilinganya usipandwe mahali palipotoka nyanya, pilipili au viazi mviringo katika msimu uliotangulia. Katika udongo huo huweza kubaki bakteria wa mnyauko, ambao huziba mirija ya maji ya mmea hadi mmea mzima ukalegea majani yakiwa bado ya kijani. Mwalimu anaweza kuonyesha bakteria hao bila ya hadubini. Kipande cha shina la mmea ulionyauka hukatwa na kutumbukizwa ncha yake katika bilauri ya maji safi, bila kutikiswa. Baada ya dakika chache, nyuzi nyeupe kama za maziwa huanza kushuka kutoka kwenye mkato. Nyuzi hizo ni bakteria kwa mamilioni. Iwapo maji yanabaki meupe, na mmea haukunyauka wote bali ncha ya tawi moja tu, basi kisa si bakteria. Ni kiwavi, ambaye habari zake zinafuata punde.

Ua linalohitaji kutikiswa

Wengi hulaumu wadudu kwa maua yanayopukutika, na pengine wadudu hao hawana hatia. Ua la mbilinganya lina vifuko vya chavua vya manjano vilivyosimama kuizunguka shingo ya ovari. Katika maua mengine shingo hiyo ni ndefu na ncha yake hutokeza nje ya vifuko. Hayo ndiyo yanayotunga tunda. Katika mengine ni fupi, imejificha ndani, na ua la namna hiyo aghalabu huanguka. Mmea wenye njaa au kiu hutoa maua mengi ya shingo fupi. Dawa ya wadudu haiwezi kuyarefusha.

Tena, vifuko vya chavua havipasuki ubavuni kama vya maua mengi. Kila kimoja kina tundu dogo kwenye ncha, kama kibuyu cha chumvi, na chavua haimwagiki vizuri pasipo mtikisiko. Upepo hufanya kazi hiyo kwa kiasi, lakini mafundi wake hasa ni nyuki wa mwituni, wakiwamo wale wakubwa weusi watoboao mbao za paa. Nyuki hao hulikumbatia ua na kutetemesha misuli ya kifua pasipo kupiga mabawa, hata mtu aliye karibu husikia mlio wao ukibadilika. Nyuki wa asali hawajui ufundi huo. Huko Nguruman, kusini mwa Kenya, watafiti Barbara Gemmill-Herren na Alfred Ochieng walionyesha katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kwamba wachavushaji wa mabilinganya ya wakulima walikuwa nyuki wa mwituni wa aina mbili, na kwamba nyuki hao walitegemea vichaka na misitu ya jirani kwa chakula nyakati ambapo mashamba hayana maua. Anayenyunyiza dawa saa nne za asubuhi, maua yakiwa wazi, huwaua vibarua wake mwenyewe.

Shule yenye uma wa sauti katika maabara yake inaweza kuiga kazi ya nyuki. Uma hugongwa, kisha hugusishwa kwenye vifuko vya ua lililo wazi juu ya kipande cha karatasi nyeusi. Vumbi la chavua huonekana likianguka.

Maisha ya mtoboaji

Mdudu mpevu wa kiwavi tunayemzungumzia ni nondo mdogo mweupe mwenye mabaka ya kahawia, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hayazidi sana milimita 20. Mchana hujificha, na ndiyo maana mtu anaweza kulima mabilinganya miaka kumi asimtambue adui wake. Usiku jike hutaga mayai, moja moja au machache pamoja, chini ya majani, juu ya vichipukizi na vitumba vya maua, na kwenye ile kofia ya kijani inayoshika tunda. Kwa nondo wa Asia, ambaye amechunguzwa zaidi, mayai huanguliwa baada ya siku 3 hadi 5. Kiwavi huishi majuma mawili au zaidi kidogo, akikua hadi kufikia milimita 20 hivi. Kisha hutoboa njia ya kutokea, hushuka, na kujisokotea kifuko cha hariri katika majani makavu au takataka zilizo juu ya udongo. Humo hugeuka pupa kwa siku 7 hadi 10 kabla ya kuruka akiwa nondo. Kwa hiyo, katika majira ya joto, mwezi mmoja hivi hutosha kwa kizazi kimoja, na mmea uzaao miezi mitano huweza kulea vizazi vitano mfululizo.

Katika hesabu hiyo kuna kipindi kifupi ambacho ndicho kiini cha habari yote. Kiwavi akishaanguliwa hatembei huku na huko akitafuna majani. Hutafuta mara moja mahali pa kuingilia, akajichimbia ndani, na kuziba mlango kwa kinyesi chake. Mmea ukiwa haujazaa, huingia katika ncha changa ya tawi, nayo ncha hiyo hulegea na kuinama. Matunda yakishapatikana huyapendelea hayo, tena mara nyingi hupitia chini ya ile kofia, mahali pasipoonekana. Yaani katika mwezi mzima wa maisha yake, muda ambao kiwavi yuko wazi, ngozi yake ikiweza kuguswa na tone la dawa, ni mfupi mno. Baadaye ukuta wa tunda humkinga kama paa la bati limkingavyo mtu na mvua.

Dawa nyingi zinazouzwa madukani huua kwa kugusa, au kwa kuliwa juu ya jani. Ili zimpate kiwavi huyu, hazina budi kuwa zimetanda juu ya mmea saa ileile anapoanguliwa, na kwa kuwa mayai hutagwa kila usiku, zingehitajika kuwapo juu ya mmea kila siku. Hapo hutokea mgongano usio na suluhu. Mabilinganya huchumwa mara moja au mbili kwa juma. Kila kibandiko cha dawa huagiza idadi ya siku za kungoja baina ya kunyunyiza na kuchuma, na kwa dawa nyingine siku hizo ni 7 au hata 14. Anayenyunyiza kila juma na kuchuma kila juma hawezi kuitii amri hiyo kwa vyovyote. Ama ataacha matunda yazeeke, ama ataiuzia au kuilisha jamaa yake dawa. Ubaya hauishii hapo. Dawa hiyohiyo huwaua nyigu wadogo ambao hutaga mayai yao katika miili ya viwavi, nao ni miongoni mwa maadui wachache wawezao kumfikia mtoboaji mafichoni mwake.

Jina la adui

Kwa muda mrefu vitabu vya kilimo vilimwita mtoboaji wa Afrika kwa jina la ndugu yake wa Asia, Leucinodes orbonalis, lililotolewa mwaka 1854. Mwaka 2015 wataalamu wakiongozwa na Richard Mally walichapisha uchunguzi wa nondo na viwavi wa kundi hili kutoka nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara. Walilinganisha mabawa, viungo vya uzazi na ADN. Katika vielelezo vyote vya Afrika walivyovichunguza, hakuna hata kimoja kilichokuwa cha spishi ile ya Asia. Badala yake walipata spishi 8 za Afrika, na 7 kati yake hazikuwa zimepata kuelezwa na sayansi. Mojawapo waliipa jina Leucinodes africensis. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikifika Ulaya mara nyingi zaidi ndani ya matunda yanayouzwa kutoka Afrika, kwa muda wa miaka kama 50, huku wakaguzi wakiiandika kwa jina lisilo lake.

Mwanafunzi anaweza kuuliza: je, kuna faida gani kujua kwamba kiwavi ana jina jingine, ilhali tunda limekwisha kuharibika? Faida ipo, na ni ya fedha taslimu. Nondo jike humwita dume kwa harufu maalumu, feromoni, na kila spishi ina mchanganyiko wake. Huko Asia feromoni ya Leucinodes orbonalis imetengenezwa viwandani na kuwekwa katika mitego ya kunasia madume. Mtego uliotegwa kwa harufu ya nondo wa Bengal hauna dhamana ya kumvuta nondo wa Morogoro. Hali kadhalika nyigu wa kuagizwa, aliyezoea kiwavi wa spishi nyingine, huenda asimguse wa huku. Kabla ya kununua chombo cha vita ni lazima adui atambuliwe.

Asia yenyewe imetafuta njia nyingine. Wanasayansi waliingiza katika mbilinganya jeni kutoka kwa bakteria wa udongoni, Bacillus thuringiensis, ili mmea ujitengenezee protini inayomuua kiwavi anapoitafuna, hukohuko ndani alikojificha. India ilisimamisha ruhusa ya kuulima mmea huo mnamo Februari 2010 baada ya ubishi mkubwa. Bangladesh iliuidhinisha mwaka 2013, na Januari 2014 miche ikagawiwa kwa wakulima 20 wa kwanza. Mtu aweza kuunga mkono au kupinga hatua hiyo, lakini mantiki yake ni wazi: kwa kuwa dawa haiwezi kumfuata kiwavi ndani, basi iwekwe ndani kabla yake. Protini hiyo huwalenga viwavi wa nondo. Utitiri na nzi weupe haiwadhuru.

Mkasi, wavu na kuku

Mwenye miche sita hahitaji jeni wala feromoni. Ana kitu ambacho mwenye ekari kumi hana, yaani uwezo wa kuutazama kila mmea kila siku ya pili. Kila ncha iliyonyauka hukatwa sentimita 2 au 3 chini ya kitundu, pamoja na kiwavi aliyemo, kisha huchomwa moto, hutumbukizwa katika maji ya sabuni au hutupiwa kuku. Mmea hautaumia, utatoa matawi mapya ubavuni. Kila tunda lenye kitundu huchumwa na kuondolewa hata kama bado dogo. Kosa linalotendwa sana ni kulitupa tunda bovu chini ya mmea uleule, au kurundika mashina makavu ya msimu uliopita pembeni mwa bustani, kwani kufanya hivyo ni kumpa kiwavi kitanda cha kugeukia pupa. Matunguja yaliyo jirani yakaguliwe pia.

Njia ya pili ni kumzuia nondo asifike. Miche hufunikwa kwa wavu wenye matundu madogo uliotandazwa juu ya fito, na kingo zake kufukiwa udongoni. Wavu uwekwe siku ileile ya kupandikiza, katika udongo ambao haukuwa na mabilinganya. Ukiwekwa juu ya udongo wenye pupa, utawafungia nondo ndani pamoja na chakula chao. Nyuki nao hawataingia, hivyo maua yatikiswe kwa kidole kila asubuhi.

Tunda lichumwe mapema, ngozi ikiwa bado inang'aa na kurudi inapobonyezwa. Likififia, mbegu zimekomaa na uchungu umeanza, na siku hizo za ziada mtini ni nafasi ya ziada kwa nondo. Inafaa kukumbuka kwamba weusi unaotanda juu ya nyama ya bilinganya dakika chache baada ya kukatwa si kazi ya kiwavi. Ni kemia ya kawaida: hewa ya oksijeni inakutana na viambato vya tunda kwa msaada wa kimeng'enya. Kutumbukiza vipande katika maji huupunguza weusi huo.

Walio juu ya majani

Wadudu wengine wa mbilinganya huishi nje, na kwa hiyo ni wepesi kushindwa. Vidukari na nzi weupe hufyonza utomvu chini ya majani. Utitiri mwekundu, ambao si mdudu bali ni wa ukoo wa buibui, huacha vitone vyeupe na utando mwembamba, hasa wakati wa kiangazi. Kuyapiga maji majani upande wa chini huwapunguza wote. Maji ya sabuni kidogo husaidia. Penye sisimizi wengi juu ya mmea, vidukari hawako mbali, kwa kuwa sisimizi huwalinda ili walambe utamu wanaoutoa.

Hapa mwarobaini una nafasi yake. Mwaka 1959 huko Sudan, mtaalamu wa wadudu Heinrich Schmutterer aliona nzige wakiimaliza mimea yote isipokuwa miarobaini. Mwaka 1968 wanakemia nchini Uingereza walitenga kutoka katika mbegu zake kiambato kiitwacho azadiraktini, ambacho huwakatisha wadudu hamu ya kula na kuwavuruga wanapojivua gamba. Gramu 50 za kiini cha mbegu, zikitwangwa na kulowekwa usiku kucha katika lita 1 ya maji kisha kuchujwa kwa kitambaa, hutosha kwa bustani ndogo. Hunyunyizwa jioni, maana jua huiharibu azadiraktini upesi, na mchanganyiko usimwagwe penye samaki. Mwarobaini hauui papo hapo, jambo ambalo huwafanya wengine waudharau. Kwa kiwavi aliyekwisha kuingia ndani ya tunda, nao pia ni bure.

Jaribio la darasani

Muda wa maisha uliotajwa juu ulipimwa kwa nondo wa Asia. Darasa lolote la biolojia linaweza kuupima kwa nondo wa kwao. Mabilinganya au ngogwe 20 zenye vitundu huwekwa, moja moja, katika chupa za mdomo mpana zenye mchanga mkavu kiasi cha sentimita 2 chini, na kufunikwa kwa kitambaa chepesi kilichofungwa kwa mpira. Kila chupa huandikwa tarehe na mahali tunda lilipotoka. Kila siku wanafunzi huandika siku kiwavi alipotoka, siku alipojisokota, na kilichojitokeza mwishoni. Katika baadhi ya chupa atatoka nondo. Katika nyingine huenda akatoka nyigu mwembamba asiyetarajiwa, na idadi ya nyigu hao, ikilinganishwa baina ya bustani inayonyunyizwa dawa na ile isiyonyunyizwa, yafaa kuchorwa katika grafu ukutani. Nyigu waachiliwe bustanini. Nondo wahifadhiwe katika spiriti, kila mmoja na kibandiko chake, kwani spishi hizi hutofautishwa kwa viungo vidogo visivyoonekana kwa macho matupu.